Reale ya Sham: kwa nini mwaka 1780 hautoshi kukuambia umri wa sarafu

Ukipita kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, huenda ukaonyeshwa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Ukiambiwa ina zaidi ya miaka 240, usiharakishe kulipa. Mwaka huo si ushahidi.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea mno sarafu yake. Kwa hiyo iliendelea kupigwa bila kubadilishwa mwaka: Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London, Paris na Bombay.

Unguja iliitwa reale ya Sham. Ilitumika sambamba na reale ya mzinga ya Hispania, ambayo nguzo zake mbili zilifananishwa na mizinga. Mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, Sultani Barghash bin Said alitoa reale yake yenye maandishi ya Kiarabu. Hiyo ndiyo adimu. Baadaye rupia ilitawala soko hadi mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki: rupia moja kwa shilingi moja na senti 50.

Mnunuzi aangalie nini?

Kwanza, uzito. Reale ya Sham ina gramu 28 na ushei, na fedha halisi ndani yake ni takriban gramu 23.4. Iliyochakaa hupungua kidogo. Iliyopungua sana itiliwe shaka. Pili, ukingo: uwe na maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Tatu, sumaku: ikinasa, si fedha. Nne, alama ya kitanzi au tundu. Nyingi zilivaliwa kama mapambo, na kwa mkusanyaji hilo hupunguza bei.

Ukishainunua, usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Weusi wake ni sehemu ya thamani yake.

Sarafu iliyochimbuliwa ardhini ni jambo jingine. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ndogo za fedha, na zikabadilisha tunayoyajua kuhusu pwani hii. Zingeuzwa mojamoja, tungebaki na vipande vya fedha tu. Ukiokota kitu kama hicho, kiache kilipo na uijulishe idara ya mambo ya kale.