Kalamu na joho la Jenerali

Wadau, jana nimepita Msimbazi, Kariakoo, nikasimama kwa muuza magazeti, nikamkumbuka Jenerali Ulimwengu. Sheria aliisoma Mlimani, lakini wengi tulimjua kwa kalamu. Gazeti la Rai lilikuwa lake na wenzake. Februari 2001 serikali ikamtangaza kuwa si raia, hoja ikiwa asili ya wazazi wake. Mtu aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya! Baadaye akapewa uraia. Safu yake katika The EastAfrican la Nairobi ikaja kumtambulisha kama wakili wa Mahakama Kuu, Dar. Mimi nisiye na joho najiuliza: wangenigeukia hivyo, cheti cha kuzaliwa cha babu ningekitoa wapi?