Homa Iliyofuata Vita: Kaskazini ya Zambia, 1918

Katika nchi jirani ya Zambia, penye mto Chambeshi, upo mnara unaokumbusha siku Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma barani Afrika. Hapo, tarehe 14 Novemba, 1918, siku tatu baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yalisimamisha mapigano. Tarehe 25 yaliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala.

Vitabu vingi vya vita huishia hapo. Kwa kaya za Wabemba, msiba mwingine ndio kwanza ulikuwa ukiingia mlangoni.

Ichukuliwe kaya moja iwe mfano: bibi, mwanawe, mkwewe na wajukuu. Mwana amechukuliwa na Waingereza kuwa mpagazi. Huenda majuma mengi na mzigo wa unga au risasi, kilo zipatazo 25, kichwani. Nyumbani pengo lake ni kubwa kuliko adhaniavyo mgeni, kwani shamba la Kibemba huanzia juu ya miti. Wanaume hupanda kukata matawi, wanawake huyarundika, moto huwashwa kabla ya mvua, na ulezi hupandwa majivuni. Mwanamume asipokuwapo, matawi hayakatwi. Ghala hubaki tupu.

Vita vilipokwisha wapagazi waliruhusiwa, na baadhi yao walirudi na homa ya mafua, iliyokwisha kuingia Mombasa na Cape Town mwezi Septemba. Nani angemzuia mtu aliyetoka vitani asiende kwake? Homa hiyo iliwaua sana watu wa miaka 20 hadi 40, yaani wenye nguvu. Hivyo katika kaya hiyo aliyepona ni bibi, naye ndiye aliyewazika mwanawe na mkwewe.

Dawa haikuwapo popote duniani; virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1933. Lakini mataifa yaliyopigana yalizuia magazeti yasitangaze ugonjwa. Hispania, isiyokuwa vitani, iliandika wazi, ikaambulia kubandikwa jina la homa hiyo! Adui aliyefichwa habari alikuwa akiugua vilevile. Waliokosa onyo ni raia.

Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wapatao 100,000 walikufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Waliofia vijijini baada ya kuruhusiwa hawakuandikwa katika daftari la jeshi lolote.