Mamografia Dhihirishi

Mgonjwa huchomwa sindano ya kimiminika kisicho na rangi kwenye mshipa wa mkono. Baada ya dakika mbili hivi, titi hubanwa kwenye mashine na kupigwa picha. Kimiminika hicho kina iodini, ambayo Watanzania wameizoea kwenye chumvi kwa jina la madini joto. Wataalamu hukiita kontrasti. Mgonjwa huambiwa ni "dawa ya rangi".

Jina hilo la pili ndilo linaloniudhi. Hapakwi mtu rangi hapa: iodini huzuia miale ya eksirei, basi. "Dawa" nayo yaweza kumfanya mtu adhani ameanza kutibiwa, kumbe bado anapimwa. Kontrasti ni jina fupi, ila halimfunulii kitu asiyejua Kiingereza. Kwa kuwa kazi ya kitu hiki ni kudhihirisha, mimi ningekiita kidhihirishi, na kipimo chenyewe mamografia dhihirishi.

Kinachodhihirishwa ni mishipa ya damu. Saratani ikikua huchochea mishipa mipya, nayo huvuja, hivyo iodini hukusanyika papo hapo. Katika mamografia ya kawaida, tishu za titi zilizosongamana huonekana nyeupe na uvimbe nao mweupe. Ni kama kutafuta chumvi iliyomwagikia sukari. Ndipo inapofaa hila ya nishati. Titi likiwa bado limebanwa, hupigwa picha mbili mfululizo: ya nishati ndogo, inayosomwa kama mamografia ya siku zote, na ya nishati kubwa. Nishati ya miale ikivuka kiloelektronivolti 33 hivi, iodini huifyonza zaidi kwa ghafla. Kompyuta huzichanganua picha hizo, ikafifisha tishu za kawaida na kubakiza palipo na iodini.

Marekani iliruhusu mashine za kazi hii mwaka 2011. Ni rahisi na za haraka kuliko kipimo cha MRI, ingawa mionzi yake huzidi kidogo ile ya mamografia ya kawaida.

Jina lisiahidi makubwa, hata hivyo. Fibroadenoma, uvimbe usio saratani, nayo huweza kung'aa. Saratani changa nyingine hazing'ai kabisa. Uamuzi hutoka kwa kinyama kilichotolewa titini na kupelekwa maabara.

Kabla ya sindano, mama huulizwa habari za figo zake, na kama kidhihirishi chenye iodini kiliwahi kumletea mzio. Akiulizwa kama "rangi" humdhuru, huenda akaanza kusimulia mambo ya piko.