Kamba ya Kuku Mgeni

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tangu utoto nilidhani methali hii inawasema watu tu, kwamba aliyehamia jana bado anatambulika kwa ugeni wake. Miaka mingi ilipita, na hasara moja ikaingia nyumbani kwetu, ndipo nikatambua kwamba methali ilitoka uani, na uani bado ina kazi.

Mama alifuga nyuma ya jiko, katika kijiji kimoja karibu na Pangani. Alikuwa na kuku wapatao thelathini wa kila rangi, wakiwamo vishingo wawili na jogoo mmoja wa kuchi aliyetembea kama liwali. Pamoja nao walikuwako bata wanne na kanga wawili waliopiga kelele kila mgeni alipokaribia. Wote walilala katika banda la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, na kwenye sakafu yake Mama alimwaga majivu. Maji aliyaweka katika kigae cha mtungi uliovunjika, akayabadilisha asubuhi na jioni kwa sababu ya bata, ambao hawakuona maji bila kuyatia tope. Mtetea akishaangua, majani ya kiota yalichomwa moto ili utitiri usipate makao, na vifaranga walikaa chini ya tenga hadi wapate akili ya kumkimbia mwewe.

Kila alfajiri kabla ya yote alifungua mlango wa banda, akasimama kando na kuwahesabu wakitoka. Alitazama nani ametoka wa mwisho, nani mabawa yameshuka, nani kilemba kimepauka, na kinyesi cha usiku kina rangi gani. "Kuku hasemi, mwanangu," aliniambia. "Anayechelewa kutoka ndiye anayekuita." Mafunzo hayo hakuyapata katika kitabu chochote. Kwa kuku hao tulinunuliwa madaftari na sare, na mimi nililipiwa nauli ya kwenda shule ya bweni.

Mwaka 1984, nikiwa tayari mfanyakazi, nilirudi likizo na zawadi. Njiani, kwenye gulio, nilinunua jogoo mkubwa mwekundu kwa bei iliyonishangaza kwa urahisi wake. Mama alimpokea, akamgeuza, akampapasa kifuani, kisha akauliza, "Umemtafutia kamba?" Nilicheka. Nikamwambia jogoo wa namna hii hafungwi, aachwe achanganye damu. Mama hakutaka kumvunjia heshima mwanawe aliyeleta zawadi, akanyamaza.

Siku ya sita jogoo alisinzia mchana. Siku iliyofuata mitetea miwili haikutoka bandani. Wakaanza kuhema midomo wazi na kuharisha kijani, na baadhi shingo zikawapinda hata wakawa wanatazama nyuma. Wiki mbili hazikutimia, tukabaki na bata wanne, kanga mmoja na kuku wawili. Mama hakunilaumu hata siku moja, nami ningeona nafuu kama angenilaumu. Mdogo wangu alichelewa muhula mzima kurudi shule.

Ugonjwa huo kwetu tunauita mdondo au kideri. Wataalamu wanauita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulizuka mwaka 1926. Na mwaka huohuo uliripotiwa pia katika kisiwa cha Java, uliko mbali sana na Uingereza. Kwa upande wa Kenya, kumbukumbu zinauonyesha tangu mwaka 1935, katika sehemu za Mombasa. Kuku wenyewe ni wenyeji wa zamani zaidi katika pwani yetu. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, alieleza alivyoandaliwa Mogadishu wali wenye samli na vitoweo, na kuku akiwa miongoni mwa vitoweo hivyo. Kwa hiyo mabibi zetu walikuwa na karne nyingi za kujifunza kufuga kuku, lakini kuhusu kideri kumbukumbu zilizoandikwa hazijatimiza hata karne mbili.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilielewa kwa nini jogoo wangu alikuwa rahisi. Kideri kikiingia kijijini, watu hukimbilia kuuza kuku kabla hawajafa. Ni jambo la kibinadamu, maana nani atakubali mali yake ioze uani? Lakini kuku anayeonekana mzima leo aweza kuwa na ugonjwa ndani kwa siku tano au sita, pengine zaidi, na gulio humkabidhi kwa kijiji kingine. Bata naye aweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili kubwa, akawaambukiza kuku anaokunywa nao maji. Siwezi kuapa kwamba jogoo wangu ndiye aliyeuleta, kwa kuwa hata viatu vya mpita njia na matenga ya wachuuzi huweza kuubeba. Ila nikipiga hesabu ya siku, sina pa kujificha.

Chanjo zilikuwapo siku zile. Tatizo lake lilikuwa kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Zilikuja katika vichupa vya dozi mia kadhaa au elfu moja, zilidai jokofu tangu kiwandani hadi bandani, na zikishafunguliwa zilitakiwa zitumike mara moja. Mama mwenye kuku thelathini, asiye na umeme, hakuwa katika hesabu. Katika Afrika Mashariki ilijaribiwa hata mipango ya kugawa majogoo ya kizungu ili mbegu iwe bora, kana kwamba mbegu bora haifi kwa kideri.

Mabadiliko yalikuja pale watafiti walipouliza swali la Mama. Huko Queensland, Australia, Peter Spradbrow na wenzake walishughulikia virusi vipole vya kideri vinavyostahimili joto, na kutokana navyo ikapatikana chanjo iitwayo I-2, iliyotolewa ili nchi maskini zijitengenezee wenyewe. Tanzania iliitengeneza katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Baridi bado inaifaa, lakini huweza kusafiri hadi kijijini ndani ya kikapu, imefungwa kwa kitambaa kibichi na kukingwa na jua. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Humkinga aliye mzima.

Mama aliwahi kuiona. Jirani mmoja wa kike alipita nyumba kwa nyumba na kichupa chake, na Mama akawashika kuku mmojammoja, akihesabu kama alivyohesabu alfajiri zote. Wa mwisho alikuwa mtetea aliyenunuliwa juzi, amefungwa kamba nyuma ya jiko, mbali na wenzake, na kigae chake mwenyewe cha maji. Alikuwa na desturi ya kumweka mgeni hapo wiki mbili.

Wengi husema kamba ile ni ya kumzuia kuku asirudi alikotoka, nao wana haki. Lakini pia huwapa wenyeji siku za kumtazama mgeni kabla hajala nao, na chanjo haijaiondolea kazi hiyo. Nimestaafu sasa, nina banda langu, na juu ya msumari mlangoni imetundikwa kamba ya katani. Kila ninapoleta kuku mpya huichukua kabla sijafungua tenga.