Soma kibandiko cha risiva kabla ya kuiwasha

IKIWA unapania kuigeuza sebule yako iwe ukumbi mdogo wa sinema, chombo utakachokitegemea zaidi si runinga bali ni risiva, yaani mashine inayopokea sauti kutoka kwa runinga, king'amuzi au kicheza DVD, ikaikuza na kuigawa kwa spika zinazomzunguka mtazamaji. Ni chombo ghali, na kikiunganishwa ovyo huweza kuteketea dakika ile ile kinapowashwa, au hata kusababisha moto nyumbani.

Risiva ni tofauti na hom thieta ya kawaida inayouzwa katika sanduku moja pamoja na spika zake. Spika za seti hiyo aghalabu huwa na plagi za aina yake, na mashine yenyewe ikiharibika huenda zikakosa kazi. Risiva hununuliwa peke yake. Waweza kuanza na spika mbili, kisha ukaongeza nyingine kadiri mfuko unavyoruhusu.

Fikra ya kumzungushia mtazamaji sauti si ngeni. Walt Disney aliitumia mwaka wa 1940 katika filamu ya Fantasia, iliyoonyeshwa katika kumbi chache za Marekani zilizowekewa mitambo maalum. Mwaka wa 1992, filamu ya Batman Returns ilitumia mfumo wa Dolby Digital, ambao baadaye uliingia majumbani kupitia diski za DVD. Ndipo nambari 5.1 ikazoeleka: spika tano za kawaida, na moja ya mdundo mzito, yaani wufa.

Jambo la kwanza la kukagua ni umeme. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, ilhali wa Marekani ni volti 120 na wa Japani ni volti 100. Risiva nyingi zilizotengenezwa kwa masoko hayo hufika hapa zikiwa mitumba, au zikiletwa na jamaa walioko ng'ambo. Geuza mashine usome kibandiko kilicho nyuma. Kikiwa kimeandikwa 120V pekee, usiichomeke moja kwa moja ukutani. Kumbuka kwamba adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu. Haipunguzi volti hata moja.

Mashine ya aina hiyo huhitaji transfoma ya kupunguza umeme, nayo iwe na uwezo unaozidi kiwango cha wati kilichoandikwa kwenye risiva. Hata hivyo, transfoma haibadilishi kasi ya mawimbi ya umeme, ambayo hapa ni 50 Hz na Marekani ni 60 Hz. Kwa hivyo, ni salama zaidi kuchagua mashine iliyoandikwa 220-240V na 50 Hz, au 50/60 Hz.

Jambo la pili ni wati. Wanunuzi wengi huvutiwa na tarakimu kubwa zilizochapishwa kwenye sanduku, mathalan wati 5,000 za PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayofuatwa na watengenezaji wote, na hakionyeshi nguvu ambazo mashine inaweza kuzitoa kwa muda mrefu. Tafuta kipimo cha RMS. Tena, kuongeza wati maradufu hakuongezi sauti maradufu. Huongeza desibeli 3 pekee. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu hupaswa kuongezeka takriban mara kumi. Kwa sebule ya kawaida, wati 50 halisi kwa kila spika zatosha.

Tatu, soma kiwango cha omu cha spika na ukilinganishe na kile kilichoandikwa nyuma ya risiva. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 kwa pamoja kwenye tundu moja, risiva hukutana na omu 4 na kulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Endapo haikuundwa kwa mzigo huo, itapata joto kali, izime au iungue.

Wakati wa kufunga nyaya, chomoa plagi ya umeme kwanza. Waya wa tundu jekundu uende kwenye tundu jekundu la spika, na mweusi kwa mweusi. Ukizigeuza katika spika moja, mdundo utafifia. Hakikisha hakuna uzi wa shaba unaogusa tundu la jirani, kwani mgusano huo mdogo waweza kuiua mashine.

Spika ya kati, ambayo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji, iwekwe chini au juu ya runinga. Umbali baina ya spika ya kushoto na ya kulia ukaribiane na umbali kutoka kwa kila moja hadi unapoketi. Zile mbili za mzunguko ziwe ubavuni mwako, nyuma kidogo, na juu kidogo ya masikio.

Kisha ieleze risiva umbali wa kila spika. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mbali kwa mita moja zaidi huchelewa kidogo. Risiva husawazisha tofauti hiyo, na nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia zenyewe.

Kwa runinga zenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC, teknolojia iliyoanza mwaka wa 2009, waya mmoja hutosha kurudisha sauti kwenye risiva. Usishangae spika za nyuma zikinyamaza wakati wa taarifa ya habari. Vipindi vingi vya runinga hutangazwa kwa njia mbili pekee za sauti.

Risiva hutoa joto jingi. Usiifunike kwa kitambaa wala kuweka king'amuzi juu yake, na iachie nafasi ya kupumua. Mvua ya radi inapokaribia, au umeme unapokatika, ichomoe ukutani hadi hali itulie.

Mwisho, wakumbuke majirani, hasa ikiwa unaishi katika nyumba za ghorofa ambako mdundo wa wufa hupenya kuta na sakafu. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotangazwa nchini mwaka wa 2009 ziliweka viwango vya chini zaidi kwa saa za usiku kuliko mchana. Risiva nyingi zina kitufe cha usiku kinachopunguza vishindo na kuyainua maneno. Kitumie, nawe utaisikia filamu yako yote bila ya mtu kubisha mlango kulalamika.