Mtani ni Yule Atakayekuzika

Ukitaka kuijua Bagamoyo usiishie Kaole kwenye makaburi ya kale, wala usitosheke na Ngome Kongwe. Nenda kijiweni, penye kahawa na kashata, wiki ile inayotangulia mechi ya Ngao ya Jamii. Ndiyo mechi inayofungua msimu wa soka Tanzania Bara, na ikitokea Simba na Yanga wamekutana humo, basi mji haulali.

Mimi hukaa pembeni, nasikiliza. Jambo moja limenishangaza kwa muda mrefu. Wiki hiyo hakuna mpira wa ligi uliokwisha pigwa. Hakuna pointi, hakuna msimamo, hakuna mfungaji bora. Wachezaji wapya wameonekana kwenye tamasha tu: Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza 2019. Sasa watu wazima wanabishania nini mpaka kahawa inapoa?

Wanabishania historia! Msimu mpya hauna ushahidi, kwa hiyo kila mtu hukimbilia kwa waliotangulia. Wa Simba atatangulia na 19 Julai 1977: mabao 6–0, matatu ya Abdallah Kibadeni peke yake. Wa Yanga hatakubali kulala na deni hilo. Atakurudisha 1968, mabao 5–0, “wakati huo nyie mnaitwa Sunderland, hata jina la Simba hamna!” Na kweli, jina la Simba lilikuja 1971. Wa Simba ataruka hadi Mei 2012, 5–0. Wa Yanga atacheka, atataja 5 Novemba 2023, 5–1. Mzee wa kahawa atawanyamazisha wote kwa kutaja Nyamagana, Mwanza, 1974, Yanga iliposhinda 2–1 na kubeba ubingwa. Hakuna mwenye daftari. Yote yamo kichwani.

Hebu tujiulize, waliiona wapi mechi ya 1977? Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Watu wa Bagamoyo waliipata mechi ile kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, redio moja imezungukwa na watu ishirini. Bao lililosikika redioni kila mtu alilichora mwenyewe kichwani, halafu akalisimulia kesho yake gengeni, sokoni na pwani kwa wavuvi. Ndiyo maana mabao ya zamani ni makali kuliko ya leo. Ya leo tunayo kwenye simu, yamekwisha. Ya zamani bado yanafungwa kila Agosti.

Lakini ubishi huu una kanuni, na kanuni hiyo ni ya zamani kuliko mpira wenyewe. Magazeti na redio huziita timu hizi “watani wa jadi”. Tumelizoea neno hilo mpaka tumesahau uzito wake.

Katika karne ya 19, misafara kutoka Unyamwezi na Ujiji ilimalizikia Bagamoyo. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha hapa pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Fikiria mji mdogo wa pwani, wenye Wazaramo, Wakwere na Wadoe, unapokea wageni wengi namna ile, wamechoka, wana njaa, na kila mtu ana mkuki au bunduki yake. Ugomvi ungekuwa wa kila siku. Utani ulikuwa dawa mojawapo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani mpaka leo. Asili yake wazee huisimulia kwa namna mbalimbali, wengine hutaja vita, wengine safari na biashara, lakini sheria yake haibadiliki. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, akachukua kitu chako, ukamkasirikia ukaonekana wewe ndiye mjinga. Ila siku ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Atafanya kazi za msiba, atachekesha waliaji, hata atadai alipwe ndipo maiti itoke. Haki ya kukucheka ameinunua kwa wajibu wa kukuzika.

Hapo ndipo Simba na Yanga wanapoeleweka. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote Dar es Salaam, tena majirani, Jangwani na Msimbazi. Vijiweni husimuliwa kwamba ya pili ilimeguka toka ya kwanza. Ni ndugu waliogombana, na ndugu hawezi kuwa adui kabisa. Bagamoyo unakuta nyumba moja baba Yanga, mama Simba, watoto wamegawanyika kama shamba la urithi, na jioni sinia ni moja.

Agosti 2023 Ngao ilichezwa Tanga, Uwanja wa Mkwakwani. Wa Bagamoyo hapo hupitia Msata, Segera na Muheza. Dakika 90 zikaisha 0–0, Simba wakashinda kwa penalti 3–1, kipa Ally Salim akipangua tatu. Kwa utani ule ungedhani ligi imekwisha. Kumbe Novemba ikaja ile 5–1, na mwisho wa msimu ubingwa ukaenda Yanga. Mechi ya ufunguzi haitabiri kitu, ila inafungua daftari la utani kwa mwaka mzima.

Sasa daftari hilo limeingiliwa. Siku hizi kijiweni kuna mkeka. Mshikaji aliyeweka hela ya kodi ya chumba kwenye kubeti hataniki tena. Ukimtania anataka ngumi, maana wewe unacheka mpira yeye analia kodi. Na kuna matusi ya kwenye simu, yanayotoka kwa mtu usiyemjua jina wala mtaa. “Utopolo!” “Makolo!” Maneno ni yale yale ya kijiweni, lakini aliyeyasema hatakuja msibani kwako. Huyo si mtani, ni mtukanaji tu. Amechukua haki, wajibu ameuacha.

Wenzangu mnaotaka kuandika riwaya, tunahangaika kutafuta visa vya ajabu London na New York, wakati chuo cha masimulizi kiko barazani na ada yake ni kikombe cha kahawa. Waliousikia mpira wa 1977 redioni wakiwa vijana, leo wana miaka sitini na sabini. Kila mwaka benchi linapungua. Vitabu vya takwimu vitahifadhi mabao, lakini nani atahifadhi namna mtu alivyomtania jirani yake kwa bao lile miaka arobaini, kisha akamchimbia kaburi kwa mikono yake? Tukaeni nao Agosti hii, kalamu mfukoni, masikio wazi. Na ukiandika, andika na majina ya waliobeba jeneza, uone ni wangapi walikuwa wa timu ya pili.