Dikte mara ngapi kwa juma?

"Mwalimu, hawa watoto niwafanyishe dikte mara ngapi kwa juma?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa hapa Bukavu. Vita ilipoingia mjini Februari 2025 masomo yalifungwa, na yalipofunguliwa tena yeye aliwabakiza watoto wake wawili nyumbani. Mimi ninawaendea siku tatu kwa juma, alasiri, kwa hesabu na Kifaransa. Wenzangu wengi munaijua kazi hii: umemaliza lisansi (yangu ni ya agronomia), unapeleka barua za kuomba kazi huku na kule, na wakati unangoja majibu, katika nyumba za watu unaitwa mwalimu.

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia, "Mama, unipe muda nifikiri." Ukweli ni kwamba swali hilo niliwahi kulijibu vibaya, na aliyelipa ni mdogo wangu.

Ilikuwa Machi 2020, serikali ilipofunga masomo yote na vyuo juu ya Korona. Nilikuwa G3, nikarudi Uvira kwa wazazi. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tano. Baba akasema: wewe mtu wa iniversite usikae bure, funza mtoto. Basi nikamfanya kama nilivyofanywa mimi. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, dikte ya mistari 20 kutoka kitabu cha zamani cha baba. Kila siku maandishi mapya. Kila neno lililokosewa, aliandike mara kumi. Siku ya kwanza alifanya makosa 31. Juma la tatu 29. Juma la tano 33. Juma la sita kaye ikapotea, mama akaikuta ndani ya gunia la makala. Nilipomkaripia alinitazama akasema, "Yaya, mimi sina akili ya Kifaransa."

Alikuwa na miaka kumi na moja. Leo yuko sekondari, ana akili ya hesabu kuniliko, lakini mpaka leo kwa simu hawezi kukuandikia mstari mmoja wa Kifaransa. Anatuma sauti.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu yule mama, nilitaka kujua kwanza: hii desturi ya dikte kila siku, ndefu, ya kushtukiza, ilitoka wapi? Nani aliamua hivyo? Nimekuta kwamba aliyeamua hakuwa anawaza mtoto anayefundishwa nyumbani hata kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Ufaransa, tahajia ilifundishwa kwa namna ya ajabu: mtoto alipewa maandishi yaliyojazwa makosa makusudi, naye ayasahihishe. Wenyewe waliiita kakografia. Walikuja kuona kwamba mtoto anabaki na makosa yale yale machoni, wakaiacha. Kisha Guizot, waziri, akatoa sheria ya 1833 iliyozitaka komini ziwe na shule ya msingi, na walimu wakahitajika kwa wingi. Walimu wenyewe tahajia iliwashinda, basi nao wakapimwa kwa dikte wakitafuta cheti chao. Angalia vizuri hapo. Zoezi ambalo sisi tunaliona la watoto lilikuwa pia mtihani wa kuwachuja watu wazima.

Hata wakubwa lilikuwa likiwaaibisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwasomea wageni wa Napoleon III dikte aliyoitunga yeye mwenyewe, imejaa mitego. Mfalme alipata makosa 75, mkewe Eugénie 62, mwandishi Alexandre Dumas mtoto 24. Aliyewashinda wote ni mgeni, Metternich wa Austria: makosa 3. Watu huisimulia kwa kuchekesha. Mimi ninaisoma namna ingine: ukitaka kumfanya mtu yeyote aonekane mjinga, hata mfalme, mutungie dikte.

Mwaka 1866 waziri Victor Duruy akaanzisha cheti cha mwisho wa masomo ya msingi, na sheria ya Jules Ferry ya 28 Machi 1882 ikakieneza. Katika cheti kile dikte ilikuwa mlango mwembamba kupita yote: makosa matano, sifuri, na sifuri ilikutoa. Mwalimu naye alihesabiwa kwa idadi ya watoto aliofaulisha. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungewapiga dikte asubuhi na jioni. Tena ni zoezi la bei ndogo: linataka kitabu kimoja, sauti moja, na watoto 50 wanyamaze. Kupima ni kuhesabu makosa tu. Ndiyo sababu lilishika darasa, na si kwa sababu mtu alikwisha kupima akaona mtoto anajifunza vizuri zaidi hivyo. Ferry mwenyewe, mwaka 1880, mbele ya wakaguzi na wakuu wa shule za walimu, alilalamika kwamba dikte inatumiwa kupita kiasi na inakula wakati wa bure.

Sheria hiyo hiyo ya 1882 ina jambo ambalo sikulijua na limenigusa. Iliwalazimisha watoto wa miaka 6 mpaka 13 wafundishwe, lakini haikulazimisha wote waende shule: mtoto aliweza kufundishwa nyumbani, na baba yake ao na mtu yeyote ambaye baba amemchagua. (Huyo mtu aliyechaguliwa ndiye mimi, na barua zangu za kuomba kazi mfukoni.) Toka mwisho wa mwaka wa pili mtoto wa nyumbani alipita mtihani kila mwaka, na akionekana hajui kitu, mzazi alilazimishwa kumpeleka shule. Kwa hiyo mzazi wa nyumbani alikuwa na haki ya kupanga mwendo wake, lakini aliogopa mtihani kama wengine, na mwenye kuogopa mtihani anafundisha kama mtihani. Mimi Uvira sikuwa na mkaguzi. Niliogopa tu kwamba mtoto atachelewa.

Kwetu dikte ilikuja na wamisionari na shule za Wabelgiji. Watoto wengi wa wakati ule, huku mashariki, walianza kusoma kwa Kiswahili. Kifaransa kilikuwa cha wachache, wale wa kuwa makarani na waalimu. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, Kifaransa kikashika darasa zima toka chini, na dikte ikashika pamoja nacho. Tuliirithi ikiwa imekwisha kuwa kichujio. Na toka masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa zaidi. Siwezi kumlaumu mwalimu mwenye watoto 80 akitafuta zoezi la kuwatuliza. Lakini nyumbani hakuna watoto 80. Kuna wawili. Sababu imeondoka, desturi imebaki.

Sasa kuna upande mwingine wa historia hii, na ndio niliotamani ningeujua mwaka 2020.

Mwaka 1886 Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya kufundisha watoto nyumbani. Baadaye akawa anapeleka programu za masomo kwa posta kwa familia. Namna yake ya dikte imegeuza ile ya shule juu chini. Mtoto anapewa maandishi kwanza. Anayaangalia yeye mwenyewe, mtoto wa miaka minane ao tisa kipande kimoja tu, mkubwa ukurasa. Anataja maneno anayoyaogopa. Mwalimu anayaandika ubaoni, mtoto anayatazama mpaka yamkae machoni, kisha yanafutwa. Hapo tu ndipo dikte inaanza, na si lazima kusoma kipande chote. Neno likikosewa linafunikwa mara moja kwa kipande cha karatasi, ili jicho lisilizoee. Ni kinyume kabisa cha kakografia, na ni kinyume cha mwalimu wangu wa zamani aliyezungushia makosa wino mwekundu mpaka ukurasa ukafanana na kidonda.

Mwaka mmoja mbele yake, 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa ametoa kazi yake juu ya kukumbuka na kusahau. Alijipima yeye mwenyewe, kwa kukariri silabi zisizo na maana. Kati ya aliyoyapata kuna hili: kwa mfululizo wa silabi 12, kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimpa matokeo sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Karibu nusu ya kazi, matunda yale yale.

Niliposoma hiyo nilicheka kwa uchungu, maana ni jambo ambalo sisi wa agro tunalijua vizuri. Nani anamwaga urea yote siku ya kupanda mahindi? Unagawanya, kidogo mwanzoni, ingine mmea ukifika magotini, sababu isiyochukuliwa na mizizi mvua inaipeleka mtoni. Nilikuwa nimeisoma darasani, nimeiandika katika mtihani, halafu nyumbani nikamwagia mtoto gunia zima kila asubuhi. Neno moja mara kumi kwa dakika tano, kisha halirudi tena, kwa sababu kesho ni maandishi mapya.

Kuna wanaosema zamani, dikte ilipokuwa kali, watoto waliandika vizuri. Hilo limepimwa. Katika miaka ya 1873 mpaka 1877 mkaguzi mmoja wa Ufaransa, Beuvain, alizunguka shule akiwasomea watoto dikte ile ile, kipande cha Fénelon juu ya miti na mizizi yake, akahifadhi karibu kaye 3,000. Karne moja baadaye watafiti André Chervel na Danièle Manesse walizipata, wakawasomea watoto wa 1987 maandishi hayo hayo. Kwa umri sawa, wa 1987 walikosea kidogo kuliko wale wa zamani. Lakini Manesse aliporudia na wenzake mwaka 2005, hali ilikuwa imeshuka: watoto walikuwa nyuma kwa miaka kama miwili ukilinganisha na wa 1987. Kwa hiyo zama za dikte kali hazikuwa paradiso, na tahajia inaweza kuporomoka vilevile. Mwaka 2015 waziri wa elimu wa Ufaransa alitangaza dikte ya kila siku. Kila siku inawezekana, kama ni mistari miwili ao mitatu. Kila siku na mistari 20, hapana. Niliona mwisho wake ndani ya gunia la makala.

Nikarudi kwa yule mama na jibu: mara tatu kwa juma, dakika kumi na tano zisizidi, na kipande ni kimoja tu kwa juma zima. Siku ya kwanza tunasoma, tunazungumza maana yake, tunawinda maneno magumu. Siku ya pili dikte ya nusu. Siku ya tatu dikte yote, pamoja na maneno manne ao matano yaliyokosewa juma lililopita. Mkubwa wa miaka kumi anachukua mistari sita, mdogo mistari mitatu.

Nimeongeza pia dikte ya Kiswahili, mara moja kwa juma, na hapo watoto wanapumua. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishika silabi ameshika karibu yote. Shida ni yetu wakubwa, maana mdogo aliandika "mutoto", nikasita biki mkononi. Kitabu kinasema "mtoto", mama yake anasema "mutoto", mimi mwenyewe nasema "mutoto". Nilimwambia tu kwamba kitabuni kinaandikwa vile, hakuna kosa katika mdomo wake. Kifaransa ndicho kinachotaka juma zima, na herufi zake zinazoandikwa bila kutamkwa.

Mama hakuridhika mara moja. "Mara tatu tu? Wenzao kwa masomo wanafanya kila siku." Nikamwomba anipe miezi miwili. Tuko juma la sita. Mkubwa alianza na makosa 14 kwa mistari sita. Juma hili alikuwa na 5. Siwezi kuapa kwamba ni dikte, anasoma pia vitabu zaidi kuliko zamani. Lakini kaye yake iko juu ya meza.

Ile kaye ya Uvira mama bado anayo. Mwezi uliopita nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia kosa lilikuwa la mwalimu, si la mwanafunzi. Alinyamaza, kisha akasema, "Yaya, ungenipa kwanza nisome." Jumapili iliyopita alinitumia mstari mmoja kwa simu, umeandikwa kwa Kifaransa, una makosa mawili. Sikumwambia ni yapi.